Saratani iko kwenye ini, lakini ilianzia wapi?

Daktari anachukua kinyama kwenye uvimbe wa ini, kinapelekwa maabara, majibu yanarudi: ni saratani, ila haikuanzia hapo. Imesambaa kutoka kwingine. Mgonjwa anapigwa CT scan, anapitishiwa kamera tumboni, na bado chanzo hakionekani.

Hali hii huwapata wagonjwa kama 2 hadi 5 kati ya kila 100 wa saratani. Shida ni kwamba dawa huchaguliwa kwa kuangalia kiungo ilikoanzia. Chanzo kisipojulikana, mgonjwa hupewa dawa za jumla, yaani kubahatisha kidogo.

Hapo ndipo jeni zinaingia. Seli ya titi ikihamia kwenye ini haigeuki kuwa ya ini. Jeni zake nyingi zinaendelea kufanya kazi kama za titi. Ni kama mtu aliyehama mkoa, lafudhi inamuumbua. Kipimo husoma "lafudhi" hiyo na kuilinganisha na saratani zinazojulikana.

Je, inasaidia? Utafiti wa Japani wa 2019 ulisema hapana: waliotibiwa kwa kufuata kipimo hawakuishi zaidi ya wenzao. Shanghai, China, matokeo ya 2024 kwa wagonjwa 182 yakawa tofauti. Nusu ya waliofuata kipimo cha jeni 90 walikaa miezi 9.6 au zaidi bila ugonjwa kuendelea. Kwa wenzao ilikuwa 6.6.

Mengi yanategemea jibu lenyewe. Ukiambiwa ni ya titi, dawa zipo nyingi. Ukiambiwa ni ya kongosho, chanzo umekijua, lakini dawa bado ni zilezile chache.