Elimu ya Muuguzi wa Watoto Wachanga

Kitaalamu, mtoto huhesabiwa kuwa mchanga katika siku 28 za kwanza za uhai wake, na hakuna kipindi cha utoto chenye hatari kubwa kuliko siku hizo chache. Takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2022 zilionyesha kwamba nchini Tanzania, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na nchini Kenya 21. Wengi hufa kwa sababu ya mambo matatu yanayofahamika vyema, yaani kuzaliwa njiti, kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizi ya vimelea katika damu. Daktari hupita wodini, akaandika maagizo na kuendelea na wagonjwa wengine, ilhali anayekesha na mtoto, na anayetambua wa kwanza kwamba pumzi imebadilika, ni muuguzi.

Nchini Tanzania, anayetaka kazi hiyo husoma uuguzi na ukunga kwa ngazi ya stashahada, ambayo huchukua miaka mitatu, au shahada, na hawezi kumhudumia mgonjwa bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Elimu hiyo ni pana, kwa kuwa inamwandaa mtu kuhudumu katika wodi yoyote, ya upasuaji, ya wazee au ya wagonjwa wa akili, na kwa sababu hiyo mtoto mchanga hupata sehemu ndogo tu ya masomo. Kenya imepiga hatua zaidi, kwani Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, hutoa stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto wachanga kwa muuguzi aliyekwisha kusajiliwa. Uingereza nayo ina kozi maalumu ya baada ya usajili kwa wauguzi wa watoto wachanga, na viwango vyake vya kitaalamu vinataka mtoto aliye katika uangalizi mahututi awe na muuguzi wake peke yake.

Ubingwa huu unahitajika kwa sababu mwili wa mtoto mchanga hauendeshwi kwa kanuni za mwili wa mtu mzima. Mtoto mwenye gramu 1,200 hupimiwa dawa kwa kiasi kidogo mno, hata kosa la nukta moja ya desimali laweza kumpa dozi mara kumi ya ile iliyokusudiwa. Ngozi yake nyembamba hupoteza joto upesi, hivyo muuguzi hujifunza kulilinda kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na kumfundisha mama matunzo ya kangaruu, yaani kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata oksijeni, ambayo wengi huiona kuwa haina madhara, huweza kumpofusha njiti ikizidi, kwa kuwa huharibu mishipa ya damu ya macho ambayo bado inakua. Zaidi ya hayo, muuguzi hufunzwa kulisha kwa mrija mtoto asiyeweza kunyonya, kutambua umanjano unaotishia ubongo na kuutibu kwa mwanga wa buluu, na kusoma dalili za mgonjwa asiyeweza kusema panapomuuma.

Hata hivyo, cheti peke yake hakiokoi maisha, na ushahidi mzito wa jambo hilo umetoka Tanzania kwenyewe. Mwaka 2010, wahudumu wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, ambayo msingi wake ni kwamba asiyepumua aanze kupewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, inayoitwa dakika ya dhahabu. Miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini utendaji wao katika chumba cha kuzalia ulikuwa haujabadilika. Utaratibu ulipogeuzwa, wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki na ya dakika 40 kila mwezi papo hapo kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Stadi ya mikono isiporudiwa hupotea, hata kwa mtu hodari aliyefaulu mtihani wake.

Hapo ndipo desturi ya kuwahamisha wauguzi kutoka wodi hadi wodi inapoleta hasara kubwa. Muuguzi aliyezoea kuhudumia njiti hupelekwa wodi ya wanaume kwa sababu zamu zimepungukiwa na watu, na nafasi yake hujazwa na mgeni anayeanza upya huku watoto wakisubiri. Kuongeza kozi bila kukomesha desturi hiyo ni kutumia fedha za umma bila faida. Waganga wafawidhi na wizara za afya wanapaswa kuwaacha wauguzi hawa katika wodi waliyosomea, kuwatambua katika muundo wa vyeo na mishahara, na kuwapa muda wa mazoezi kila wiki ndani ya saa za kazi.