Dumu moja la maji: namna ya kuishi na uhaba vijijini mashariki mwa Uganda

Anayetoka ughaibuni kwenda kuishi kijijini karibu na Jinja au Mbale, awe mfanyakazi wa kujitolea au kijana anayerejea kwa jamaa, hukutana kwanza na swali la maji.

Uhaba huo hauonekani kwa urahisi. Jinja ndipo Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, na bwawa la umeme la Nalubaale lilizinduliwa hapo mwaka 1954. Mbale nayo iko chini ya Mlima Elgon, wenye mvua nyingi. Hata hivyo, kaya nyingi za vijijini hazina bomba nyumbani. Huchota maji kisimani au kwenye chemchemi.

Hesabu ya dumu

Kipimo cha maisha huko ni dumu la njano la lita 20. Likijaa huwa na uzito wa kilo 20 hivi, na mara nyingi wabebaji ni wanawake na watoto. Kwa aliyezoea bomba la mvua, dakika chache za kuoga hutosha kumaliza dumu zima.

Wenyeji huyatumia maji kwa mpangilio. Ya kunywa huchemshwa na kuhifadhiwa katika chombo chenye mfuniko. Ni muhimu yatokote kwa dakika moja, au tatu katika maeneo yaliyo juu ya mita 2,000. Kuoga ni kwa beseni na kopo. Maji yaliyosuuza nguo huosha sakafu au choo. Mvua ikinyesha, ndoo na sufuria hupangwa chini ya ukingo wa bati.

Kuchemsha nako kunahitaji kuni au mkaa, kwa hiyo uhaba mmoja huzaa mwingine.

Gharama ya ukarimu

Jambo gumu zaidi kwa mgeni ni kutambua asichoambiwa. Mwenyeji ni nadra kusema maji yamekwisha. Atamtuma mtoto kisimani, pengine mtoto huyo akiwa na daftari mkononi. Mgeni ataoga bila kujua ni nani aliyelipa.

Kwa hiyo, uliza mapema maji hutoka wapi na huchotwa saa ngapi. Nunua dumu lako, changia mkaa, kisha ifahamu njia ya kisimani. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika vijiji hivi, jembe hilo ni dumu.