Kilo za Mtoto Kabla ya Kijiko cha Dawa

Mwaka juzi, saa nane za usiku, dada yangu aligonga ukuta unaotenganisha chumba chake na changu hapa Mulongwe, mashariki mwa Kongo. Binti yake wa miezi mitano alikuwa anachemka. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, tochi ya simu ameiegemeza kwenye bilauri, mbele yake chupa mbili. Moja aliinunua mwenyewe, ya pili kaazimwa na jirani. Zote zimeandikwa parasetamoli kwa Kifaransa, zote zina picha ya mtoto anayecheka. Mkononi ameshika kijiko cha chai.

“Kaka, nimpe ya ipi?”

Nilizisogeza kwenye mwanga. Chupa kubwa: miligramu 125 katika kila mililita 5. Ile ndogo, ya matone: miligramu 100 katika mililita 1 tu. Nikapiga hesabu kwa vidole, nikairudia kwa sababu sikuiamini. Kijiko cha mililita 5 kutoka chupa kubwa ni miligramu 125. Kijiko hichohicho kutoka chupa ndogo ni miligramu 500, yaani kidonge kizima cha mtu mzima, kwa mtoto ambaye juma lile mizani ya kituo cha afya ilimsoma kilo 6.

Kipimo cha parasetamoli ya kunywa kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Unasubiri saa sita ndipo umpe tena, na kwa mchana na usiku mmoja usizidishe mara nne. Kilo 6 ni miligramu 60 hadi 90. Katika chupa kubwa hiyo ni mililita 2 na nusu, au 3 na kitu. Katika chupa ndogo haifiki hata mililita 1. Umri wa mtoto hauingii katika hesabu hiyo, wala ukali wa joto lake. Watoto wawili wa miezi mitano wanaweza kupishana kilo mbili, na mama anayeongeza dawa kwa kuwa homa imepanda anaongeza hatari bila kuongeza nafuu.

Dawa yenyewe ilipatikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1886, mjini Strasbourg, madaktari wawili vijana, Arnold Cahn na Paul Hepp, walikuwa wanamtibu mgonjwa wa minyoo. Duka la dawa likawapa kitu kingine kimakosa. Minyoo haikuondoka, lakini homa ilishuka. Kitu hicho kilikuwa asetanilidi, na kikaanza kuuzwa ingawa kiliwageuza baadhi ya wagonjwa rangi ya samawati, kwa sababu kiliharibu uwezo wa damu kubeba hewa. Parasetamoli ilikuwapo tayari. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa mwishoni mwa karne ya 19, mtafiti aliyeijaribu alidhani nayo ina ubaya uleule, ikawekwa kando kwa zaidi ya miaka 50. Ni mwaka 1948 tu Bernard Brodie na Julius Axelrod, mjini New York, walipoonyesha kwamba asetanilidi hugeuka kuwa parasetamoli ndani ya mwili, na kwamba hiyo ndiyo inayotuliza. Uharibifu wa damu unatoka kwingine. Mwaka 1955 parasetamoli ikaanza kuuzwa Marekani kama dawa ya maji ya watoto.

Inafanyaje kazi? Chukua mbabula. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayokaa kama mpishi mbele ya makaa, ikiamua moto uwe kiasi gani. Vidudu vinapoingia, mwili hutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, nayo humwambia mpishi achochee. Mwili unatii. Mishipa ya ngozi inajibana ili joto lisitoke, ndiyo maana unashika miguu ya mtoto ikiwa baridi wakati kifua kinaunguza. Parasetamoli hupunguza ile prostaglandini ndani ya ubongo, na mpishi anaacha kuchochea. Ukimtumbukiza mtoto kwenye maji ya baridi unapoza ngozi tu huku mpishi bado ana amri ya kuchochea. Mtoto atatetemeka ili arudishe joto ulilomnyang’anya. Kumpaka pombe ni kubaya zaidi, kwani inapenya ngozi ya mtoto mchanga.

Lakini parasetamoli haiui kimelea hata kimoja. Mwaka 1997 watafiti wa Lambaréné, nchini Gabon, walitoa matokeo ya watoto 50 wenye malaria. Wote walitibiwa kwa kwinini, na sehemu yao wakaongezewa parasetamoli. Damu ya waliopewa parasetamoli ilisafishika vimelea kwa wastani wa saa 75. Ya wenzao, saa 59. Ni utafiti mdogo, na haumwambii mama amnyime mwanawe dawa. Unamwambia kwamba homa ni silaha ya mwili, na kwamba tunaishusha ili mtoto apumzike na anyonye, hasa joto linapofika nyuzi 38 na nusu au anapoteseka. Parasetamoli haimkingi mtoto na degedege pia, ingawa wengi wetu tumelelewa tukiamini hivyo.

Sasa ini, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Fikiria wapagazi wa bandari yetu ya Kalundu. Sehemu kubwa ya parasetamoli ni magunia ya kawaida: ini huyabeba na kuyatoa kupitia mkojo. Sehemu ndogo hugeuka sumu, gunia lenye moto ndani. Kuna wapagazi maalumu wa gunia hilo, wanaitwa glutathioni, nao ni wachache. Boti zikija kwa nafasi, wanabeba, wanapumzika, wanarudi. Zikija tatu kwa mpigo, wapagazi wanakwisha na magunia ya moto yanabaki ndani ya ghala, yakiliunguza. Madaktari wa Uingereza walianza kuandika juu ya maini yaliyoharibika namna hiyo mwaka 1966. Watafiti wa Marekani wakaeleza sababu yake mwaka 1973. Mtoto mwenye utapiamlo ana wapagazi wachache zaidi, na katika mji wetu, ambako vita na mafuriko vimeacha vyungu vingi vitupu, hilo si jambo la vitabuni.

Kinachonitisha ni ukimya wake. Siku ya kwanza mtoto aliyezidishiwa hutapika kidogo, au haonyeshi kitu. Ini linaanza kuonyesha madhara siku ya pili au ya tatu, mama ameshasahau kile kijiko. Dawa ya kuliokoa ini, asetilisisteini, ipo, nayo inafaa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane za kwanza. Kwa hiyo ukishuku kwamba umezidisha, nenda hospitali na chupa mkononi usiku uleule, hata kama mtoto anacheka.

Wazazi wengi hawazidishi kwa uzembe. Wanatoa siro saa mbili, bibi anaweka supozituari saa tatu bila kujua, kisha siro ya mafua inafuata saa nne, na ndani ya zote tatu mna parasetamoli ileile. Na kijiko nacho hudanganya. Watafiti wa Ugiriki walikusanya vijiko vya chai 71 kutoka nyumba 25. Kidogo kabisa kilibeba mililita 2.5, kikubwa 7.3. Matone ya watoto yaliyo makali kuliko siro yalileta makosa hata Marekani, hadi mwaka 2011 watengenezaji walipoanza kuyaondoa na kubaki na ukali mmoja. Kwetu chupa za kila aina bado zinakaa rafu moja, kwa hiyo kipimo ni seringi isiyo na sindano, ambayo ina mistari.

Chupa nayo inataka kukaguliwa. Nigeria mwaka 1990, na Haiti mwaka 1995 na 1996, siro za parasetamoli zilichanganywa na dietileni glikoli, kimiminika kitamu cha viwandani kinachoua figo; watoto 47 walikufa Nigeria, na zaidi ya 80 Haiti. Hapa mashariki mwa Kongo, Ituri, kati ya mwisho wa 2014 na 2015, watu zaidi ya 1,000 walilazwa shingo na nyuso zimekakamaa. Vidonge walivyouziwa kama diazepamu vilikuwa haloperidoli. Nunua chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa, yenye tarehe na namba ya utengenezaji, kwenye famasi ambayo kesho utaikuta palepale. Aspirini usimpe mtoto kabisa: inahusishwa na ugonjwa adimu wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

Mtoto wa chini ya miezi miwili yuko kwenye sheria nyingine. Akifika nyuzi 37 na nusu kwapani, usimpe dawa ya homa nyumbani. Kwa mtoto mchanga joto hilo linaweza kuwa ndiyo dalili pekee kwamba vidudu viko ndani ya damu, na ukilishusha umemfichia muganga habari aliyoihitaji. Mpeleke akiwa ananyonya njiani. Mkubwa kuliko huyo naye apelekwe bila kusubiri kama hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea haamki, hata kama joto limeshuka.

Usiku ule tulimpa binti mililita 2 na nusu za chupa kubwa kwa seringi, polepole, upande wa ndani wa shavu ili asipaliwe. Dada aliandika saa nyuma ya karti ya mizani. Baada ya saa moja hivi jasho lilimtoka, akanyonya, akalala, na dada akasema, “Amepona.” Nami nilitaka sana kuamini hivyo. Kulipokucha tulimpeleka kituo cha afya, mtoto ana ubaridi kama samaki. Muuguzi alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Mistari miwili. Malaria ilikuwamo muda wote, chini ya ngozi ile iliyopoa, akaanzishiwa dawa yake asubuhi ileile.

Juzi nilisimama nyuma ya dada yangu kwenye famasi. Kabla hajataja dawa aliweka karti juu ya meza.

“Muganga, huyu sasa ana kilo 11 na gramu 200.”

Muuza dawa akageuza chupa, akasoma miligramu, akaandika hesabu pembezoni mwa gazeti. Kisha akachukua seringi na kuchora mstari wa kalamu nyeusi kwenye 5.