Mkono Uliodhaniwa Kamba (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale Joseph Whiteaves, mnamo 1892, alipokitazama kisukuku cha mlima Stephen, nchini Kanada, akahukumu kuwa ni kiwiliwili cha kamba asiye na kichwa, akamwita Anomalocaris. Msomaji asifanye haraka kumcheka. Juzi hapa kwetu Rohero mjukuu wangu alinyofoa mguu wa kamba mkavu tuliyeletewa kutoka Dar es Salaam, akauinua, pingili zake zikiwa zimejikunja mfano wa mkia, akaniuliza, "Babu, na huyu mdogo anaitwaje?"

Mushkili ulizidi kwa sababu ya ubora wa mawe yenyewe. Huko kwenye miamba ya Burgess, ya milima hiyo hiyo ya Kanada, takriban miaka milioni 508 iliyopita, matope yaliwazika wanyama ghafula chini ya bahari, hata viungo laini, ambavyo aghalabu huoza, vikabaki kama utando mweusi juu ya mwamba. Lakini viungo vya mnyama huyu aghalabu vilibaki kila kimoja peke yake, kimekatika, pasipo mwenyewe. Ndipo mwaka 1911 Charles Walcott alipouona mviringo wa vibamba vyenye meno akauita yavuyavu, Peytoia, na mwili mwingine uliobonyea akaudhania jongoo bahari.

Derek Briggs alidai mwaka 1979 kwamba yule kamba ni kiungo tu cha mnyama mkubwa; na mwaka 1985 yeye na Harry Whittington wakabainisha, kwa jiwe lililokwanguliwa chembe kwa chembe, kuwa mikono ya namna ile na lile "yavuyavu", ambalo kumbe ni kinywa, ni vya mwili mmoja.

Hata hivyo nasaba ya mnyama huyo ilibaki na utata: mikono ina pingili kama ya kaa na nge, ilhali ubavuni hamna miguu, ila mapezi. Jawabu, kwa furaha yangu, lilitoka Afrika. Mawe ya Moroko yenye jamaa yake, Aegirocassis, aliyoyapata Mohamed Ben Moula, hayakuwa yamegandamizwa, na mwaka 2015 wanavyuoni walionyesha ndani yake kwamba kila pingili ya mwili ilibeba jozi mbili za mapezi, ya juu na ya chini, mfano wa mguu wenye matawi mawili ambao bado haujaungana. Kwa dalili hiyo jamii nzima ya Anomalocaris huwekwa karibu na shina la ukoo wa kaa, nge na wadudu, kabla ya matawi yake ya leo. Na shahidi mwenyewe, huyo Aegirocassis, mwenye urefu wa mita mbili hivi, hakuwa mwindaji hata kidogo: alikuwa akichuja vijidudu vya majini.

(Itaendelea)