Nguruwe Atokaye Mkoa Mwingine

Wafugaji wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam hununua watoto wa nguruwe kutoka mikoa ya mbali, kisha huwalisha mabaki ya soko la Kariakoo na ya mahoteli. Kazi hii ina faida, lakini kwa njia zote mbili homa ya nguruwe ya Afrika huweza kuingia bandani.

Homa hiyo ilielezwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri huichukua mwilini asiugue, na papasi huiambukiza. Nguruwe wa kufugwa akiipata, kwa kawaida hufa; dawa ya kumponya haipo. Mwanadamu haimdhuru. Kati ya 2010 na 2012 ilienea kutoka Kyela, karibu na mpaka wa Malawi, hata ikafika Dar es Salaam. Ngiri hatembei mwendo huo. Ugonjwa ulisafiri pamoja na biashara ya watu.

Basi, atakaye kuleta nguruwe sharti apate kibali cha kusafirisha mifugo, kwa sheria ya magonjwa ya wanyama ya mwaka 2003. Kibali huombwa kule watokako nguruwe, kabla hawajapakiwa. Mahali palipowekwa karantini, nguruwe hawatoki.

Hata hivyo kibali peke yake hakitoshi. Nguruwe aliyeambukizwa mara nyingi hukaa siku 5 hadi 15 bila dalili, na jicho la mkaguzi halioni yaliyomo damuni. Kwa hiyo mgeni atengwe siku 30, awe na ndoo yake, na amtunzaye abadili viatu.

Tena, iangalieni sana bei. Panapovuma habari za vifo, watu huuza upesi kwa bei ya chini, na mnunuzi hudhani amepata bahati. Mimi humwuliza muuzaji: mbona wawauza wote pamoja, na wangapi wamekufa mwezi huu? Akisita, hurudi na fedha zangu.

Mabaki yachemshwe nusu saa tangu yaanze kutokota. Mboga tupu za sokoni hazinitii hofu; nahofu kipande cha nyama ya nguruwe kilichojificha ndani yake, maana kirusi hukaa humo muda mrefu, hata katika barafu.

Ukiona nguruwe amekataa chakula, ana homa kali, na masikio yamegeuka rangi ya zambarau, usimchinje wala usiwauze waliobaki. Funga banda, ukamwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.