Suruali ya Kazi: Ipime Ukiwa Umechuchumaa

Mwanamume mwenye kiuno cha sentimita 84 akitafuta suruali ya kazi madukani Tenke, mji wa migodi katika mkoa wa Lualaba nchini Kongo, anaweza kukuta saizi tatu, zote zake. Ya Kifaransa itaandikwa 42, kwa kuwa hesabu hiyo huchukua nusu ya kiuno. Ya Kimarekani, inayopimwa kwa inchi, itaandikwa 33. Ya Kichina itaandikwa, kwa mfano, 175/84A.

Hiyo ya Kichina inafaa kujifunza kuisoma, maana migodi mingi mikubwa ya Lualaba sasa ni ya Wachina. Hata mgodi wa Tenke Fungurume ulitoka kwa Freeport-McMoRan ya Marekani ukaenda kwa CMOC ya China mwaka 2016. Katika 175/84A, namba ya kwanza ni kimo cha mvaaji, ya pili ni kiuno chake. Kwenye koti, namba ya pili huwa ni kifua, kwa hiyo usiombe suruali kwa namba ya koti lako. Herufi inaeleza umbo: kwa wanaume, A ni yule ambaye kifua chake kinazidi kiuno kwa sentimita 12 hadi 16. Y ni mwenye kifua kipana na kiuno chembamba, B ameanza kunenepa, na C, ambaye tofauti yake ni sentimita 2 hadi 6 tu, mara nyingi utamkuta ofisini.

Shida ni kwamba vipimo vyote hivi ni vya mtu aliyesimama wima, na mgodini nani husimama wima kutwa? Fundi mitambo huchuchumaa chini ya pampu, dereva hupanda ngazi ya lori ambayo kidato chake cha kwanza kiko juu. Ukichuchumaa, mgongo na makalio hudai kitambaa zaidi kati ya kiuno na msamba. Kisipokuwepo, mkanda wa suruali hushuka nyuma au mshono wa msamba huachia. Ndiyo maana suruali nyingi za kazi hufa hapo, magoti yakiwa bado mazima.

Kwa hiyo chagua kwa makalio na mapaja, kiuno kije baadaye. Fundi cherehani hupunguza kiuno kwa muda mfupi. Kina cha msamba hawezi kukiongeza bila kutia kiraka. Wanawake, ambao mara nyingi hugawiwa suruali zilizokatwa kwa wanaume, ndio wanaohitaji zaidi kanuni hii. Ijaribu ukiwa na viatu vya kazi, chuchumaa hadi chini, kisha inua goti hadi usawa wa kiuno. Kama utakuwa ukivaa nguo ya ndani ya kuzuia baridi, ijaribu nayo: Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni si ya mchezo. Suruali ya pamba tupu iachie nafasi kidogo, kwa sababu hurudi inapofuliwa mara ya kwanza.

Lakini usichague pana mno. Mguu wa suruali unaopepea karibu na mkanda wa kusafirishia mawe unaweza kunaswa.

Urefu nao una sababu yake. Kwenye viwanda vinavyoyeyusha madini kwa asidi ya salfa, mguu wa suruali ya kinga hukaa nje ya buti, ili tone linaloteremka lisiingie ndani. Suruali fupi, hata ikikupendeza, inafungua mlango huo. Ndefu nayo usiikunje pindo kwa nje, hasa kama unachomelea, kwani cheche hutua humo na kukaa. Ikatwe, ishonwe.

Tahadhari moja kabla ya kwenda kwa fundi: suruali ya kuzuia moto au asidi haishonwi kwa uzi wowote, na uzi wa kawaida unaweza kuyeyuka au kuliwa kabla ya kitambaa. Hiyo muulize kwanza afisa usalama, au irudishe bohari ubadilishiwe.