Singapore kwa Msafiri wa Shanta

Msafiri aliyezunguka Asia ya Kusini-Mashariki kwa miezi kadhaa, shanta mgongoni, huambiwa na wenzake aipite Singapore kando: ni ghali, wasema, na haina jipya. La kwanza lina ukweli nusu. La pili halina ukweli hata chembe.

Tuanze mpakani, msikilizaji, kwani hapo ndipo wengi hukosea. Kutoka Johor Bahru, upande wa Malaysia, basi huvuka mlango wa bahari juu ya tuta lenye urefu wa zaidi kidogo ya kilomita 1, lililofunguliwa rasmi mwaka 1924. Abiria huteremka mara mbili kwa ukaguzi wa pasipoti, na kila mara hubeba mizigo yake yote, kwa kuwa basi halilazimiki kumngoja. Tikiti isitupwe: hiyo ndiyo itakayompandisha basi jingine la kampuni ile ile.

Shanta lenyewe lipekuliwe na mwenyewe kabla ya kuvuka. Mwaka 2022 Thailand iliiondoa bangi katika orodha yake ya dawa za kulevya, na vijana wengi walirejea kutoka huko wakidhani eneo zima limelegeza kamba. Singapore haikulegeza. Anayeingiza zaidi ya gramu 500 za bangi, au zaidi ya gramu 15 za heroini, hukabiliwa na adhabu ya kifo, na ugeni si kinga. Sigara za umeme nazo ni marufuku. Kwa hiyo usimbebee mtu kifurushi, hata kama mmelala chumba kimoja wiki nzima na kula sahani moja.

Kinachouma ni malazi. Kitanda kimoja katika chumba cha watu kumi chaweza kumgharimu mgeni kuliko chumba kizima alichokuwa nacho Laos. Lakini chakula ni habari nyingine, na sababu yake ni ya kihistoria. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilianza kuwasajili wachuuzi waliokuwa wakipika barabarani, kisha ikawahamishia hatua kwa hatua katika masoko ya vyakula yenye paa, maji ya bomba na mifereji. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1986. Ndiyo maana wali kwa kuku wa Kihainan bado hupatikana kwa dola chache, katikati ya majumba marefu ya mabenki. Mwaka 2020 UNESCO iliutambua utamaduni huo kuwa urithi wa binadamu. Wachuuzi wa miji mingi huvunjiwa vibanda na kuachwa hivyo hivyo. Hawa walipewa mahali pa kwenda.

Ukiona pakiti ya tishu juu ya meza tupu, usikae: mwenye meza yuko kwenye foleni. Na ukimaliza kula, rudisha sinia mwenyewe. Tangu mwaka 2021 kuliacha mezani ni kosa la kisheria.

Msemaji wa Kiswahili atembee hadi Kampong Glam, penye Mtaa wa Waarabu na Msikiti wa Sultani, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1932. Wafanyabiashara wa Hadhramaut, hao hao tuwaitao Washihiri, walifika hapa kama walivyofika Mombasa na Unguja, na jina la ukoo wa Aljunied limebaki hadi kwenye kituo cha treni. Wamalay huulizana “apa khabar”, na neno la pili halihitaji mkalimani.

Basi la usiku huweza kukufikisha kabla hosteli haijafungua mlango. Usikae kwenye ngazi. Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1859, hufunguliwa saa 11 alfajiri bila kiingilio, na maji ya bomba mjini humo yanafaa kunywewa, hivyo chupa yako haitakaa tupu.